Nywele za Bi Suuza

Wifi yake alimsingizia. Alisimama mbele ya watu kumi na mmoja, saa nne asubuhi, katika chumba cha mikutano cha maabara, akasema kazi ya miaka miwili imeharibika kwa sababu ya nywele za mwosha vyombo. Wakati anasema alikuwa hajaujua ukweli, na hilo tumhesabie. Siku ya nne akaujua. Akanyamaza. Alinyamaza miaka tisa, na miaka yote hiyo alikaa meza moja na mtu aliyemsingizia, akampakulia chakula, akamuuliza habari za magoti yake.

Mwosha vyombo mwenyewe aliitwa Bi Suuza. Wanafunzi wa maabara ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa neno lake la kwanza akiingia kazini na la mwisho akitoka lilikuwa lile lile: "Suuza tena." Shule hakuiona. Alipofikia umri wa kuandikishwa mama yao alikuwa kitandani na mdogo wake wa kiume alikuwa bado anatambaa, na nyumba haikuwa na mikono mingine. Mdogo wake ndiye aliyesoma, akawa mwalimu wa hesabu, akaoa mwanamke mwembamba mwenye macho makali aliyekuwa ametoka tu kuchukua shahada yake ya juu ya kemia ya viumbe. Huyo ndiye wifi. Kazini walimwita Daktari, na Bi Suuza naye, akishavuka mlango wa maabara, alimwita Daktari.

Urafiki wao ulianzia mezani. Daktari alikuwa hajamaliza mwaka kazini, na kila jioni alirudi amenuna.

"Kimeng'enya changu kimekufa tena," akasema siku hiyo.

"Unakilisha nini?" Bi Suuza akauliza.

Mdogo wake akacheka mpaka akapaliwa. Daktari hakucheka. Alieleza taratibu kwamba kimeng'enya hakili. Ni protini yenye kazi, kama mkasi mdogo sana. Kila mmoja una kitu chake kimoja cha kukikata au kukiunga, na hauna habari na kingine.

"Mkasi haufi, wifi. Mkasi unapata kutu. Mnauwekea nini?"

Daktari akabaki na kijiko hewani.

Wiki hiyo Bi Suuza alipeleka maabara funguo zilizosahaulika nyumbani, akakuta kijana wa pale anaosha bika, vile vikombe vya kioo vya maabara, na chupa kwenye sinki, anazipanga kichwa chini kwenye waya. Aliinua bika moja kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii haijaoshwa."

"Imeoshwa, mama."

"Imelowanishwa."

Akamwonyesha. Kioo kisafi maji hupita juu yake kama shuka moja lisilokatika, yakatelemka yote. Kioo chenye sabuni au mafuta hubaki na matone, hapa moja, pale mawili, kama uso wenye jasho. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa ameosha vyombo vya watu tangu akiwa na miaka tisa, na vyombo vilikuwa vimemfundisha. Alikunja mikono ya gauni, akasuuza mara sita kwa maji ya bomba, akaambiwa kuna maji mengine yaliyochujwa yasiyo na chumvi, akasuuza mara tatu kwa hayo. Wiki iliyofuata kimeng'enya kiliishi. Kikaishi na ya pili. Sabuni ndiyo iliyokuwa inakiua. Daktari akaenda kwa mkuu wa taasisi, akamwombea wifi yake kazi, na watu wote wakafurahi, hata kijana wa sinki, aliyekuwa haipendi kazi ile.

Miaka kumi walifanya kazi bega kwa bega, kila mtu na upande wake. Kusoma Bi Suuza alijifunza humo humo, kwenye lebo za chupa na vibao vya milangoni, herufi moja moja, akimsumbua kila aliyepita. Kazi ya Daktari nayo aliielewa kwa namna yake. Katika udongo kuna bakteria wa kila aina, wamebanana kama wapangaji, na wengine wana tabia ya kutengeneza sumu ya kuwaua majirani. Sumu hiyo ikiwa haimdhuru binadamu, ni dawa. Nyingi za hospitalini zilitokana na ugomvi huo. Lakini dawa za zamani zilikuwa zinazoeleka, vijidudu vimezijua, wagonjwa wanamezeshwa dozi na homa iko pale pale. Daktari alimpata bakteria mmoja wa udongoni ambaye hutengeneza sumu yake pale tu anapotishwa, na akataka kujua ni vimeng'enya gani vinavyoijenga sumu hiyo. Kwa hiyo alihitaji kuziona protini zake zote kwa pamoja, kabla ya kutishwa na baada, kama mtu anayeingia jikoni ghafla kuona nani ameshika kisu. Kwa kazi hiyo kuna mashine. Huvunja protini vipande vidogo, hupima uzito wa kila kipande, kisha hulinganisha na orodha ndefu na kusema kipande hiki ni cha nani.

Ilichukua miaka mingi ya barua mpaka mashine ikaletwa. Ikaja na mtu wake, mwanamume mfupi mwenye mzaha, wakamwita Fundi.

Sasa habari ya sweta. Protini haipendi joto, kwa hiyo maabara ina chumba cha baridi, baridi kama ndani ya jokofu, na Daktari alikuwa mtu wa kutetemeka hata juani. Alitoka humo midomo imepauka. Bi Suuza akanunua sufu ya kondoo, nene, rangi ya udongo mkavu, akamfumia sweta kwa muda wa miezi mitatu, kila nafasi aliyopata.

"Vaa hili, wifi," alimwambia siku anampa, "usije ukatangulia kufa, kimeng'enya kikabaki yatima."

Daktari akalivaa pale pale, akajizungusha, akamkumbatia. Tangu siku hiyo hakulivua. Akitoka chumba cha baridi alivaa koti jeupe juu yake, na ncha za mikono ya sweta zikichungulia nje ya koti, akaingia hivyo hivyo popote alipokwenda.

Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa na kibao. Bi Suuza alikisoma kwa nusu saa nzima siku kilipobandikwa. Funga nywele. Vaa glavu. Usiingie na nguo ya sufu. Aliyekiandika ni Daktari mwenyewe, na Fundi alieleza sababu: unywele mmoja, au unyoya mmoja wa nguo, au ukoko wa ngozi usioonekana, ukiangukia kwenye tyubu, una protini nyingi kuliko zile zote wanazozitafuta. Mashine itaona huo tu. Bi Suuza alikuwa na nywele nyingi, nzito, za kumfika mabegani, na ndizo alizojivunia mwilini mwake. Toka siku hiyo alizifunga kwa kitambaa, juu ya kitambaa akavaa kofia ya karatasi. Daktari aliandika kibao akakisahau. Sweta lilikuwa limeshakuwa ngozi yake, na mtu hakumbuki kuvua ngozi mlangoni.

Miaka miwili wakakusanya tyubu, mia moja na arobaini. Zikapitishwa kwenye mashine. Majibu yakatoka, na karibu kila tyubu ilikuwa imejaa keratini, ambayo ndiyo protini ya nywele, kucha na ngozi ya juu. Imezifunika protini za bakteria kama tope lililoingia kisimani. Bakteria hana nywele.

Ndipo ukaitishwa mkutano ule.

"Keratini haishuki kutoka mbinguni," Daktari alisema. Alikuwa hajalala siku kadhaa, macho yamemwiva. "Inatoka kwa mtu. Nani anagusa kila chombo humu ndani, kila siku, asubuhi na jioni?"

Vichwa vikamgeukia mwosha vyombo.

"Bi Suuza. Vua kitambaa."

Alidhani hakusikia vizuri. "Nivue nini?"

"Kitambaa. Na hiyo kofia. Wenzako waone."

Akavua. Alivua mbele ya watu kumi na mmoja, wengine umri wa kumwita mama. Nywele zikashuka. Mwanafunzi mmoja aliyekaa mwisho akacheka kicheko cha puani, kile cha mtu anayeshukuru kwamba si yeye.

"Nywele zote hizi," Daktari akasema, akanyoosha mkono kuzionyesha, na mkono huo ukatoka ndani ya koti jeupe ukiwa umevaa sufu ya rangi ya udongo.

"Daktari, vyombo vyangu havishiki tone."

"Hatuzungumzii matone hapa! Miaka miwili imekwenda na maji."

Mchana ule ule akaondolewa kwenye sinki, akapewa ufagio wa korido. Jioni kabla hajafika nyumbani alipita kwa kinyozi.

"Nipunguze au nitengeneze, mama?"

"Nyoa."

"Zote? Nywele nzuri hivi?"

"Nyoa, baba."

"Nibakishe kidogo hapa mbele, usije ukajuta..."

"Ukibakisha hata mmoja sikushukuru."

Korido aliifagia siku nane. Ya tisa hakwenda. Mdogo wake alikuja, akakaa ukingoni mwa kiti, akizungusha funguo kidoleni. "Dada, yule alikuwa amechoka. Unajua anavyochanganyikiwa na kazi. Yaishe." Dada mtu akamwambia yameisha. Hayakuisha. Mwenyewe alianza kujishuku, na hilo ndilo lililomla zaidi ya aibu. Labda kofia ilipasuka siku fulani. Labda alijikuna. Alirudisha miaka miwili nyuma siku moja moja, akizitafuta nywele zake kwenye kila tyubu.

Hakutulia tena. Aliingia kazi ya udobi hotelini akatoka baada ya miezi mitano, kwa sababu mwenzake alimkuta anakagua shuka kwa kioo cha kukuzia. Akawa jikoni katika shule ya bweni. Huko aliwachosha watu kwa kuwasuuzisha sufuria mpaka mpishi akamwuliza kama anapikia wanafunzi au malaika. Akafanya usafi katika zahanati, akahama. Akalea mtoto wa jirani, akahama. Akikaa, mguu unatikisika. Akisimama, anatafuta pa kukaa. Na kila mwezi kinyozi, kichwa kinang'aa. Wasiomjua walidhani anaumwa, na wanaomjua wakamwita Kipara, naye akaitika.

Wakati huo Daktari alipanda. Alirudia zile tyubu zote upya, safari hii keratini haikuonekana, na watu wakasema unaona, aliyekuwa anaharibu ameondoka. Akavipata vimeng'enya vyake vinne. Akaipata sumu yenyewe, akaisafisha, akawapa panya wagonjwa, panya wakapona. Ikaenda kwa wagonjwa wa majaribio, wale ambao dawa zote zilikuwa zimewashinda, nao wakaanza kuinuka kitandani. Magazeti yakaja na kamera. Picha zake alipigwa amevaa koti jeupe, na chini ya koti shati la pamba. Bi Suuza aliona kwamba sweta halivaliwi tena hata nyumbani. Alidhani ni chuki. Alidhani wifi hataki hata kuvaa kitu alichokigusa.

Mwaka wa tisa ulimkuta kwenye kiwanda cha maji ya chupa, kazi yake kutazama chupa zikipita mbele ya taa na kuondoa zenye kasoro. Asubuhi moja akaletwa mtu wa kurekebisha mizani. Mfupi, amenenepa, miwani kwenye paji la uso. Fundi.

"Bi Suuza! Kipara tangu lini? Au umeingia jeshini?"

"Tangu nywele zangu zilipowaharibia kazi."

Fundi akacheka. Kisha kicheko kikamkatikia njiani, akashusha miwani. "Nywele zako? Si ilikuwa kondoo?"

"Kondoo gani?"

"Ile keratini. Ilikuwa ya kondoo, mama. Sufu." Akatazama huku na huku, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha watu wengine. "Kwani hukuambiwa?"

Chupa zilikuwa zinapita mbele ya taa bila kuangaliwa. Msimamizi akapiga kelele, Bi Suuza hakumsikia. Fundi akaeleza, sauti chini. Mara ya kwanza waliilinganisha keratini na orodha fupi, ya bakteria na binadamu tu, na kwa kuwa keratini ya mnyama na ya mtu zinafanana sehemu kubwa, mashine ikasema binadamu. Yeye hakuridhika. Siku ya nne baada ya mkutano akairudisha yote akailinganisha na orodha ndefu yenye wanyama, na kondoo akatokea kwenye tyubu mia moja thelathini na mbili. Akampelekea Daktari karatasi mkononi.

"Akasema nini?"

"Akajitazama mkono wa sweta. Akasema, asante, nitalishughulikia."

"Na wewe?"

"Nilidhani ameshughulikia. Wewe ukaacha kazi, nikadhani umesusa tu." Akavua miwani. "Nimekosa, mama. Nilipaswa kukuuliza."

"Ulipaswa."

Wiki ile ile Fundi alimletea nakala ya karatasi kutoka kwenye daftari lake la zamani. Ilikuwa na mistari ya lugha ya kitaalamu asiyoijua, lakini pembeni Fundi alikuwa amechora mshale kwa kalamu na kuandika neno moja analoweza kulisoma: kondoo.

Mtu angedhani sasa atapumua. Ndiyo kwanza akazidi. Siku kumi na tano alizunguka na karatasi ndani ya gauni, anafika kona ya barabara ya nyumbani kwa mdogo wake, anageuza. Jambo moja lilikuwa linamkwama. Sufu ile aliichagua yeye. Aliifuma yeye. Mwishowe alimfuata Fundi kwenye duka lake la mizani.

"Sweta nililifuma mimi. Kwa hiyo si bado ni mimi?"

"Ulilivaa wewe?"

"Hapana."

"Uliingia nalo chumba cha mashine?"

"Hata siku moja."

"Kibao uliandika wewe?"

Akatikisa kichwa.

"Basi, mama. Acha kunichanganyia mizani yangu."

Kwa kinyozi hakurudi. Nywele zikaanza kuota, fupi, zinawasha, nyingi nyeupe kuliko alivyoziacha. Zilipofika urefu wa kushikika na kitana, alikwenda kwa mdogo wake Jumapili mchana.

Daktari alikuwa anapakua. "Wifi! Umefuga nywele!"

"Nimeambiwa hazina kosa."

Mwiko ukasimama juu ya bakuli. Bi Suuza akaifungua karatasi, akailaza mezani, akaipiga pasi kwa kiganja. Daktari aliitazama mara moja tu.

"Nani amekupa?"

Hakuuliza hii ni nini. Bi Suuza alilishika hilo akaliweka.

"Ulijua siku ya nne," alisema. "Ndiyo maana sweta ulilivua."

"Wifi, kaa kwanza."

"Nimekaa miaka tisa."

Mdogo wake alichukua karatasi, akaisoma, akamtazama mke wake, akairudisha mahali pake taratibu kama inayochoma. Kumbe naye alikuwa hajui. Daktari akavuta kiti akakaa yeye. Alipozungumza hakulia, wala hakujitetea kwa uongo. Na tuseme haki, maneno yake yalikuwa na uzito.

"Wakubwa wa taasisi walikuwa wanatafuta sababu ya kuninyang'anya ile mashine. Mkuu wa maabara avunje sheria aliyoiandika mwenyewe, aharibu miaka miwili? Wangenifungia kazi wiki ile ile. Dawa isingekuwapo. Kuna watu wako hai leo, wifi, wanapumua, wana watoto, kwa sababu nilifunga mdomo."

"Wapumue. Mimi sijawakataza."

"Nilitaka kukwambia. Kila mwaka nilisema mwaka huu."

"Ungeniambia mimi peke yangu hata chooni, ningelala usingizi. Nilikuwa nazitafuta nywele zangu, wifi. Miaka tisa natafuta unywele ambao haukuanguka."

Daktari akainama. "Nisamehe."

"Hapa jikoni?"

"Unataka nifanye nini?"

"Ulinivua kitambaa mbele ya watu. Nirudishie mbele ya watu."

Mdogo wake akakohoa. "Dada, si ameomba msamaha? Yaishe basi..."

"Wewe nawe! Kila siku yaishe, yaishe. Yataishaje hayajasemwa?"

Daktari akasema Alhamisi ana hotuba kwenye taasisi, ya kueleza safari ya dawa tangu mwanzo. Wafanyakazi wote wa zamani wamealikwa. Atasema hapo. Akamshika mkono. "Nakuahidi, wifi. Njoo ukae mbele."

Akaenda. Alifika saa moja kabla ya mlango kufunguliwa, akazunguka jengo mara nne mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu. Kichwani hakufunga chochote. Nywele zake fupi alizichana kwa uangalifu na kuzipaka mafuta. Watu walipoingia aliwahesabu. Wa mkutano ule, mbali na Daktari, waliofika walikuwa sita. Mmoja alikwishakufa, wengine wamehama. Mwanafunzi wa kicheko cha puani alikuwepo, sasa ni mhadhiri, ana kitambi na tai.

Daktari alizungumza vizuri. Alianza na kimeng'enya cha kwanza kilichokuwa kinakufa, na Bi Suuza akasogea mbele kwenye kiti, maana habari ya sabuni ilifuata hapo. Daktari akasema, "Tukagundua tatizo ni sabuni," akapita. Akaeleza bakteria na ugomvi wao, akaeleza mashine. Kisha akatabasamu, akatazama ukumbi.

"Na sasa niwape siri," akasema. "Mnajua kazi hii ilikaribia kufa kwa sababu ya nini? Sweta!"

Watu wakaanza kucheka.

"Miaka miwili, tyubu mia moja na arobaini, zote keratini. Tukamtafuta mchawi kila kona. Tukasema ni nywele za mtu. Kumbe mchawi ni kondoo! Sweta langu mwenyewe, na kibao cha kukataza sufu nilikiandika kwa mkono wangu huu!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga makofi, walifuta machozi, mhadhiri mwenye tai alicheka akipiga goti, na mkuu wa taasisi akasema kwa sauti, "Huo ndio unyenyekevu wa mwanasayansi!" Bi Suuza peke yake, mstari wa mbele, alikaa mikono magotini akingojea sentensi inayofuata. Inayofuata ilihusu panya.

Hakungoja mwisho. Miguu ilimpeleka chumba cha kuoshea vyombo bila kuulizwa. Siku hizi kuna mashine ya kuosha, kubwa kama kabati, inanguruma peke yake. Alichukua bika moja kwenye rafu, akaiinua dirishani, akaona matone. Akafungua bomba. Daktari alimkuta hapo, mikono imelowa hadi viwikoni, anasuuza ya tatu.

"Wifi, si nimesema?" Uso wake ulikuwa bado na furaha ya makofi. "Nimesema mbele ya wote kwamba ni mimi. Umeridhika?"

"Umesema habari za sweta."

"Ndiyo!"

"Mimi nilikuwa wapi?"

Daktari akatazama mlangoni.

"Umesema mlidhani ni nywele za mtu. Mtu gani? Alivuliwa na nani? Aliondoka lini? Wamecheka, wifi. Yule aliyenicheka mara ya kwanza amecheka tena, na safari hii umemchekesha kwa makusudi."

"Nilipofika hapo nikashindwa. Mkuu alikuwa ananitazama. Ningelisemaje jambo lile bila..."

"Bila kuonekana vibaya."

Mashine ya kuosha ikamaliza mzunguko wake, ikapiga kengele. Daktari akasema atatafuta siku nyingine, atawaita wachache, atalisema vizuri, taratibu. Bi Suuza akaigeuza bika kichwa chini kwenye waya, maji yakatelemka yote. Akajifuta mikono kwenye gauni, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Fundi ameshalipa lake: siku mbili baada ya hotuba alikwenda mwenyewe hadi kwa mhadhiri mwenye tai, akamweleza yote, na mhadhiri akamwambia hayo ni mambo ya familia. Mdogo wake ameacha kusema yaishe, sasa anaingia na kutoka kimya, na huo nao ni mwanzo. Aliyebaki ni wifi. Anadaiwa kusimama mbele ya wale sita na kusema kwamba alimvua kitambaa mtu asiye na kosa, kwamba siku ya nne alijua kosa ni lake, na kwamba akanyamaza. Na amtaje kwa jina, kama alivyomtaja siku ile. Kila Jumapili anasema bado anatafuta siku. Bi Suuza hakai tena kule kwao, anasimama mlangoni, anauliza, anaondoka. Kati ya wale sita, mmoja anastaafu mwisho wa mwaka na kuhama, na watabaki watano.